Dimbwi Likikauka, Samaki Huenda Wapi?

Kila masika yakikolea, barua za wasomaji kuhusu madimbwi huniandama. Safari hii nimechukua nne zinazomhusu samaki mmoja mdogo wa madimbwi ya mvua. Nilimjua kabla sijajua kusoma, kwenye bonde la mpunga la mama yangu, tukimchota kwa upande wa kanga huku mama anapalilia. Baadaye nilifundisha baiolojia miaka mingi na bado nikaendelea kumwendea bondeni. Wengi wetu tunaishi naye jirani bila kumjua.

Assalaam alaykum Mwalimu, na shikamoo. Nafundisha darasa la tano katika skuli ya shamba, Kaskazini Unguja. Nyuma ya uwanja wetu pana dimbwi. Tangu Januari lilikuwa kavu kabisa, lina nyufa za kuingia mkono, ng'ombe wanapita na watoto wanachezea mpira. Masika yamelijaza, na sasa watoto wameniletea samaki saba ndani ya kopo. Ni wadogo, hawafiki urefu wa kidole, na wawili wana mkia mwekundu. Dimbwi halikupakana na mto wala mfereji. Watoto wanasema samaki wamenyesha na mvua, na mzee mmoja jirani anawaunga mkono. Niwaambie nini?

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Waambie hawakunyesha. Walikuwa chini ya miguu yao muda wote walipokuwa wakicheza mpira, kila mmoja ndani ya yai lake, kina cha vidole viwili vitatu ardhini. Mvua imewaamsha tu.

Mzee wenu naye msimvunjie heshima. Ameona ardhi kavu, ameona mvua, ameona samaki, akaunganisha alivyoviona. Kilichomponyoka ni yai, na yai lenyewe ni dogo kama punje ya ulezi, limejipaka tope. Asiyekuwa na lenzi anaweza kulishika kiganjani asijue ameshika nini.

Kwa sifa ulizonipa, huyo kwa jina la kitaalamu ni Nothobranchius guentheri. Wale wenye mkia mwekundu ni madume. Utaona na ukingo mweusi mwishoni mwa mkia wakikua. Wale wa kijivu, wasio na pambo lolote, ni majike, kwa hiyo usije ukawaambia watoto ni samaki wa aina mbili. Jina alipewa mwaka 1893 na mtaalamu wa wanyama Georg Pfeffer wa Hamburg, Ujerumani, katika kazi yake juu ya samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889. Unguja ndiko kwao, na hana kwao pengine. Bara, kwenye mabonde ya Ruvu na Rufiji, wako jamaa zake. Mmoja ni Nothobranchius melanospilus, ambaye jike lake lina madoa meusi. Lakini huyu wa mkia mwekundu ni wa kisiwa hiki, na nataka watoto wako walijue hilo kabla ya jingine lolote.

Ukiwaweka dume na jike kwenye chombo cha kioo chenye tope kidogo chini, mtashuhudia wenyewe namna yai linavyoingia ardhini. Dume humfuata jike mpaka chini. Humfunika mgongo kwa pezi lake la juu kama mtu anayemtupia mwenzake shuka, wote wawili wakajibana kwenye tope, wakatetemeka kwa muda wa kupepesa jicho, na yai moja likatoka. Moja tu. Wanainuka, wanazunguka kidogo, wanarudia. Hufanya hivyo siku nzima, siku zote za uhai wao, na jike aliyeshiba hutaga makumi ya mayai kwa siku. Ganda la yai lina vinyweleo vidogo mno vinavyonasa chembe za udongo, ndiyo maana nimesema limejipaka tope.

Kisha jua linakuja. Maji yanapungua, yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa, korongo na yangeyange wanashuka kula, na waliobaki wanakufa wote tope linapokauka. Hakuna anayejifukia akasubiri, kama afanyavyo kamongo wa bara. Samaki wazima wa mwaka huu hawatauona mwaka ujao. Kinachovuka kiangazi ni yai peke yake.

Sasa nikupe kazi ya kufanya na darasa lako, nami nikwambie nilipokosea ili usipoteze mwaka kama mimi. Mara ya kwanza nilikwenda bondeni mwezi wa Januari, nikachukua tope la juu nusu gunia, nikalianika juu ya bati likauke sawasawa. Nilidhani kwa kuwa dimbwi hukauka, basi kadiri tope litakavyokauka zaidi ndivyo bora. Masika nilipolitia maji hakikutoka kitu. Nilikuwa nimeyachoma mayai yote. Ardhi ya dimbwi ni ngumu kwa juu, lakini ule udongo mweusi wa mfinyanzi hushika unyevu ndani kwa muda mrefu, na yai linaishi kwa unyevu huo. Ndiyo maana samaki hawa wako mabondeni kwenye udongo mzito. Upande wa maweni maji hayatuami, nao hawapo.

Mwaka wa pili nilichimba katikati ya dimbwi, pale panapokauka mwisho, nikachukua kiasi cha beseni moja. Udongo ulikuwa na unyevu kidogo: ukiufinya unashikamana, lakini hautoi maji. Nikautia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga, nikaandika tarehe, nikauweka uvunguni mwa kitanda. Mwishoni mwa Machi niliumimina ndani ya beseni la plastiki alfajiri, nikatia maji ya mvua yaliyolala usiku nje yakawa baridi, kina cha vidole vinne. Mkiwa na maji ya bomba yaliyotiwa dawa, yaacheni wazi siku mbili kwanza.

Kabla ya adhuhuri walikuwapo. Nyuzi zenye macho, hivyo ndivyo nilivyowaona: mwili kama uzi wa buibui wa milimita tano hivi, na mbele nukta mbili nyeusi. Wengine walikuwa wanakwea mpaka juu, wanagusa uso wa maji kwa mdomo, wanarudi. Huko walikuwa wanameza hewa ya kujaza kifuko chao cha kwanza, kile kinachomwezesha samaki kukaa katikati ya maji bila kuzama. Sita hawakufika juu. Walibaki wanajikokota kwa tumbo sakafuni mwa beseni, wanaruka kidogo wakianguka, na hawakuishi wiki. Waonyeshe watoto na hao pia, usiwafiche.

Na msiumwage ule udongo mkishawatoa samaki. Uacheni upungue unyevu tena, mfungeni mfuko, mtie maji baada ya miezi michache. Watatoka wengine. Kwa nini wengine hawakutoka mara ya kwanza, soma barua inayofuata.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Bagamoyo. Nimesoma kwamba mayai ya samaki fulani hukaa ardhini miezi mingi bila kufa. Nyumbani kwetu kuku akikatiza kuatamia, mayai yanaharibika. Inawezekanaje kiinitete kikae miezi? Kinakula nini? Hakizeeki?

Marahaba. Anza na huyohuyo kuku wenu. Hutaga yai moja kwa siku, labda siku kumi au zaidi, kisha ndipo hulala juu ya mayai yote, na vifaranga vyote hutoka karibu siku ileile moja. Yai la kwanza lilisubiri la mwisho, sivyo? Kwa hiyo hata kuku ana kusubiri kidogo, mwanzoni kabisa, kabla ya joto la mama. Akishaanza kuatamia ndipo hakuna kurudi nyuma. Samaki wetu amechukua kusubiri huko akakuweka sehemu tatu za safari. Wataalamu wanakuita dayapozi. Mimi darasani nilikuita vituo, kwa kuwa kila mwanafunzi wangu alishapanda daladala.

Kituo cha kwanza ni mapema mno. Katika samaki wengi, seli zikishalifunika yai huanza moja kwa moja kujenga mwili. Kwa huyu, seli hutawanyika kwanza, moja moja, juu ya kiini kama punje za mchele zilizomwagika juu ya mpira. Hapo hapana kichwa wala mkia, hapana hata upande wa mbele. Yai linaweza kusimama katika hali hiyo, kisha siku moja seli zikakusanyika tena na kuanza mwili. Kuna jambo lililochapishwa mwaka 1981 kuhusu samaki huyuhuyu wa Unguja ambalo nalipenda sana: wazazi wakiwa karibu majini, mayai hukawia katika hatua za mwanzo, na wazazi wakiondolewa, mayai huendelea. Fikiria maana yake kwenye dimbwi. Kama bado kuna samaki wakubwa wanaogelea juu yako, maji hayajaisha na zamu yako haijafika.

Kituo cha pili ndicho kirefu. Hapa mwili umeshachorwa. Ubongo umeanza, pingili za mgongo zimejipanga, moyo ni mrija mwembamba uliokwisha kuanza kupiga. Ndipo kila kitu kinapunguzwa. Moyo unapiga kwa nadra mpaka karibu kunyamaza, seli zinaacha kugawanyika. Uliuliza kinakula nini: kinakula kiini cha yai kilekile, ila kwa matumizi ya chini mno, kama nyumba iliyozimwa taa zote ikaachwa moja ya uani. Katika hali hiyo kinaweza kupitisha miezi, na katika jamaa zake wengine hata zaidi ya mwaka.

Kituo cha tatu, samaki amekamilika. Amejikunja ndani ya ganda mkia ukipita mbele ya uso, na jicho lake lina pete ya dhahabu inayong'aa unapolipitishia yai mwanga wa tochi. Ukiliona jicho hilo, yai liko tayari. Likilowa, kiinitete hutoa kimeng'enya kinacholainisha ganda kwa ndani, kikajisukuma, kikatoka.

Kuhusu uzee, umeuliza swali ambalo maabara kubwa zimeuliza. Wanamtumia jamaa yake, Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji, kwa sababu maisha yake ni mafupi: maabarani hata akitunzwa vizuri huishi miezi michache tu. Huko Msumbiji watafiti walichapisha mwaka 2018 kwamba porini anaweza kupevuka siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Na mwaka 2020, katika jarida la Science, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba waliopitia usingizi wa miezi ndani ya yai walikua, wakazaa na kuishi sawa na wale ambao hawakulala kabisa. Miezi ya kusubiri haikukatwa kwenye umri wao. Waliona pia kuna protini, CBX7, inayosaidia kuhifadhi misuli wakati huo wa kulala.

Sasa lile nililoahidi. Mayai ya jike mmoja, hata ya siku moja, hayafuati ratiba moja. Yapo yanayopita vituo vyote bila kusimama yakawa tayari kwa wiki chache. Mengine yanasimama kituo cha pili, yanaachia mvua moja ipite. Wewe unaishi pwani, unajua vuli ilivyo: mwaka mmoja inajaza mabonde, mwaka mwingine inanyesha siku tatu, dimbwi linajaa, jua linarudi, limekauka. Mayai yaliyokuwa tayari yataanguliwa kwa mvua hiyo ya uongo, na wote watakufa kabla hawajataga. Kama yangekuwa tayari yote, kizazi cha dimbwi hilo kingekwisha hapo. Mama yangu hakumwaga mbegu zote za mpunga kwa mvua ya kwanza. Daima palibaki pishi mbili kwenye kibuyu darini. Yale mayai yaliyolala ndiyo kibuyu.

Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa nyumbani, Wilaya ya Kati Unguja. Upande wa nyuma ya kiwanja chetu pana bondebonde panapotuama maji wakati wa mvua. Mbu ni wengi na mwanangu aliugua malaria mwaka jana. Jirani anatushauri tumwage oili chafu ya gari. Mume wangu anataka kuleta kifusi kiangazi kikifika, anasema wakati huo pamekufa, hapana kitu. Lakini mvua zikiwapo kuna samaki wadogo wengi. Tufanye nini?

Wa salaam, mwanangu, na pole kwa mtoto. Malaria si ya kufanyiwa mzaha, kwa hiyo nitasema lililo kweli: samaki hawa hula viluwiluwi vya mbu, na hula sana, lakini hawatamlinda mwanao badala ya chandarua. Chandarua kwanza, kila usiku, na homa ikipanda ni kituo cha afya.

Uzuri wa samaki hawa kwa jambo hili si habari mpya. Mwaka 1941 mtafiti Vanderplank aliandika makala juu yao katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki, akiwataja kama samaki wa kienyeji wanaofaa dhidi ya malaria. Ila wiki ya kwanza kitoto cha samaki ni kidogo kuliko kiluwiluwi kilichokua. Kwa hiyo mwanzoni mwa mvua usiwategemee. Zaidi ya hapo, mbu wa malaria hupenda sana vijimaji vidogo vya juani visivyo na samaki: alama za kwato za ng'ombe, alama za matairi, shimo la kuchanganyia zege. Hivyo fukieni leo hii.

Oili, nakuomba, usiimwage. Nimeeleza juu kwamba kitoto cha samaki kikitoka ndani ya yai ni lazima kifike juu kimeze hewa. Utando wa oili ukikalia maji, wanashindwa kujaza kifuko, wanabaki kujikokota chini kama wale sita wa beseni langu, safari hii wote. Utakuwa umewaua wala mbu, na mvua inayofuata mbu watarudi wenyewe.

Na kifusi. Hapa ndipo nina uchungu, kwa sababu maneno ya mume wako ni ya watu wengi: kiangazi pamekufa. Kiangazi ndipo samaki wote wa bonde lenu wapo pale, mamia yao, ndani ya udongo kwenye eneo la sebule moja. Masika ukiwatisha wataogelea. Kiangazi hawana pa kwenda. Madimbwi niliyoyajua utotoni yalifukiwa miezi ya Januari na Februari, wakati lori linaweza kuingia bila kunasa, na waliofukia hawakujua kulikuwa na kitu.

Mwambie apime pale maji yanaposimama mwisho, pale katikati penye udongo mweusi zaidi. Akiweza kupaacha hapo, hata upana wa chumba, na kujaza kifusi pembeni na upande wa nyumba, mmepata kiwanja na samaki wamebaki. Ikiwa hakuna njia ila pajazwe pote, basi kabla ya lori kuja akwangue udongo wa juu wa katikati, kina cha kiganja, aupeleke kwenye sehemu nyingine inayotuama maji katika bonde hilohilo, autandaze kivulini au pale penye nyasi. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili na toroli. Asiupeleke bonde la mbali, na asiuanike juani. Mimi nimeshajua mwisho wake.

Bibi, mimi nina miaka tisa. Samaki wa dimbwi akizaliwa mama yake yuko wapi? Nani anamfundisha kula?

Mjukuu wangu, mama yake ameshakufa zamani, na baba pia. Walikufa maji yalipokauka, yeye akiwa bado ndani ya yai. Hatawaona.

Na hafundishwi. Amezaliwa na macho yanayoona na mdomo ulio wazi, na tumboni kuna kiini kidogo kilichobaki cha kumtosha kwa kuanzia. Kisha kuna jambo moja zuri sana. Kwenye tope lilelile alimolala, walilala pia wadudu wa majini, jamaa za kamba, wadogo kuliko punje ya ufuta, nao wakiwa mayai. Mvua iliyomwamsha samaki imewaamsha na wao. Kwa hiyo akifungua macho siku ya kwanza, chakula kiko mbele ya mdomo wake.

Mimi nilimwona mmoja akianza. Nilikuwa nimeinama juu ya beseni, lenzi mkononi, jua likiwa upande wa kushoto. Alikuwa ametulia kabisa. Mbele yake kulikuwa na kidudu kinachorukaruka, cheupe. Alijikunja mwili mzima kama herufi S, akangoja, kisha akajirusha mbele. Akakosa. Akarudi nyuma kidogo, akajikunja tena, na mara ya pili akakipata. Nilikiona kidudu kikiwa cheupe ndani ya tumbo lake, kwa kuwa tumbo la samaki wa siku moja unaweza kuona ndani.